Bendi Iliyokataa Kubadili Jina: Kisa cha Death ya Detroit

Mwaka 1975, katika studio ya United Sound jijini Detroit, vijana watatu wa familia moja walirekodi nyimbo saba kati ya kumi na mbili walizokusudia, kisha kazi ikasimama. Hawakuwa wameishiwa nyimbo, wala hawakuwa wamegombana. Bendi yao iliitwa Death, yaani Kifo, na kwa masimulizi ya familia, mkuu wa kampuni ya rekodi aliyekuwa akigharimia kazi hiyo, Clive Davis, alitaka jina hilo liondolewe kabla ya jambo lolote lingine. David Hackney, aliyekuwa mkubwa kati ya watatu hao, alikataa. Albamu iliyopaswa kutoka wakati huo ilikuja kutolewa mwaka 2009, miaka 34 baadaye, na kufikia hapo David alikuwa marehemu.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya kusikitisha yenye mwisho mwema, na msimulizi akiishia hapo huwa ameacha maswali mawili yenye uzito. Swali la kwanza ni kama kukataa kule kulikuwa kosa. La pili ni gumu zaidi: tunasema nini tunaposema kwamba bendi ambayo karibu hakuna aliyeisikia ilipokuwa hai ina athari ya kudumu katika historia ya muziki wa panki?

Huenda ikafaa kueleza kwanza panki ni nini, kwa kuwa katika mitaa yetu neno hilo lilifika likiwa juu ya kichwa. Ni mtindo wa kunyoa pembeni na kuacha ukanda wa nywele katikati, na wengi walionyoa hivyo hawakuwahi kusikia hata wimbo mmoja wa muziki ulioleta jina lenyewe. Muziki huo ni roki iliyopunguzwa mapambo: nyimbo fupi, mwendo wa kasi, gitaa linalokwaruza, na mwimbaji anayefoka zaidi ya anavyobembeleza. Vitabu vingi huhesabu kuzaliwa kwake kutoka New York, ambako bendi ya Ramones ilianza mwaka 1974 na kutoa albamu yake ya kwanza Aprili 1976, halafu London, ambako Sex Pistols walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza Novemba 1975. Detroit hutajwa kama babu wa ukoo, kwa sababu ya bendi za MC5 na Stooges zilizokuwa zikipiga kelele za namna hiyo tangu miaka ya mwisho ya 1960. Wanamuziki wote niliowataja hapa, isipokuwa wachache sana, walikuwa Wazungu.

Ndugu wa Hackney walikuwa Wamarekani weusi. David alipiga gitaa, Bobby alipiga besi na kuimba, na Dannis alipiga ngoma. Husimulia kwamba Februari 1964 baba yao aliwaketisha mbele ya televisheni ili wawaone Beatles, na kwamba tangu usiku ule David hakutaka kazi nyingine duniani. Walianza mwaka 1971 kwa jina la Rock Fire Funk Express, wakipiga fanki ya kuchezeka kama vijana wengine wa mitaa yao. Kisha David akahudhuria onyesho la The Who, bendi ya roki ya Uingereza, Dannis naye akamwona mwimbaji wa roki Alice Cooper, na mwelekeo ukageuka. David alitaka gitaa lake litoe mipigo mizitomizito ya nyuzi nyingi kwa pamoja kama Pete Townshend wa The Who, na kupasua solo kama Jimi Hendrix, mpiga gitaa mweusi wa Marekani, na wadogo zake wakamfuata, wakifanya mazoezi katika chumba cha nyumba ya wazazi wao hadi majirani wakachoka.

Ili kuona uzito wa hatua hiyo, inabidi kuikumbuka Detroit ya miaka hiyo. Mwaka 1967 jiji lilikuwa limeungua katika ghasia zilizoua watu 43. Mwaka 1972 kampuni ya Motown, iliyokuwa imeubeba muziki wa weusi wa jiji hilo hadi pande zote za dunia, ilihamia Los Angeles. Biashara ya muziki nayo ilikuwa imegawanywa kwa rangi kwa namna ambayo haikuhitaji kuandikwa mahali popote: vituo vya redio vya weusi vilipiga soul na fanki, vituo vya roki vilipiga bendi za Wazungu, na muuza santuri alijua kila sahani inakaa rafu ipi. Hendrix alikuwa amevuka mpaka huo, lakini ilimlazimu kwenda Uingereza kwanza ndipo Marekani imkubali, na mwaka 1970 alifariki. Kijana mweusi wa Detroit aliyepiga roki mwaka 1974 alionekana na watu wa mtaani kwake kama aliyepotea njia, na watu wa roki hawakuwa wakimtarajia. Death walikaa kati ya milango miwili iliyofungwa hata kabla jina lao halijawa tatizo.

Jina lilitokana na msiba. Baba yao aliuawa katika ajali iliyosababishwa na dereva mlevi, na David, ambaye kwa maelezo ya wadogo zake alikuwa mtu wa kutafakari mambo ya roho, aliona kwamba kifo kinastahili kutazamwa upya, kama safari ambayo kila mtu ataifanya na ambayo si lazima iogopwe. Alichora nembo ya pembetatu yenye nukta tatu, akisema zinawakilisha roho, akili na mwili, na juu yake akaweka nukta ya nne inayoongoza zile tatu, yaani Mungu. Kwa hiyo jina, nembo na nyimbo vilikuwa fundisho moja katika kichwa cha mtu mmoja. Msomaji wa Kiswahili atamwelewa kwa urahisi mfanyabiashara aliyeshtuka, kwa maana lugha yetu yenyewe hulizunguka neno hilo: mtu amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Hata hivyo msomaji huyohuyo ataelewa kwa nini mtu aliyefiwa na baba anaweza kuchoshwa na kuzungukazunguka huko.

Namna walivyoipata studio inaeleza tabia ya David kuliko wasifu mrefu. Familia husimulia kwamba alichukua ukurasa wa kitabu cha simu wenye orodha ya kampuni za muziki, akaubandika ukutani, akarusha mshale mdogo, na mahali ulipochoma ndipo walipokwenda. Ulichoma jina la Groovesville, kampuni ya mtayarishaji Don Davis, aliyekuwa pia mmiliki wa United Sound. Hapo palikuwa mahali pazito. Katika studio hiyo mwanabluzi John Lee Hooker alikuwa ameanza kurekodi mwaka 1948, na wimbo wa kwanza kabisa wa kampuni iliyokuja kuwa Motown, uliotoka mwaka 1959, ulirekodiwa humo. Fundi mitambo Jim Vitti ndiye aliyeshika kazi ya vijana wa Hackney, na alichokinasa mwaka 1975 bado kinasikika kama kimerekodiwa jana.

Nyimbo zenyewe zinastahili kusikilizwa kabla ya kusomwa habari zake. “You're a Prisoner” na “Freakin Out” hazifiki dakika 3 kila mmoja, na Dannis anapiga ngoma kama mtu anayewahi treni. Lakini “Let the World Turn” na “Politicians in My Eyes” zinakaribia dakika 6, zina vituo, mizunguko na sehemu za utulivu, na huo wa pili unawashutumu wanasiasa wakati vita vya Vietnam vingali vibichi katika kumbukumbu za mtaa wao. Ninasisitiza urefu huo kwa makusudi. Wanaotaka kuifanya Death kuwa Ramones waliotangulia Ramones huzipitia haraka nyimbo hizi ndefu, ilhali ndizo zinazoonyesha kwamba David hakuwa akikusudia panki, neno ambalo wakati huo halikuwa bado jina la muziki. Alikuwa akipiga roki kali ya Detroit kwa kasi iliyozidi kidogo ile iliyozoeleka, na kwa kiu iliyozidi sana.

Sasa turudi kwenye kukataa. Clive Davis hakuwa mpumbavu wala adui. Alikuwa mmoja wa watu waliokuwa na sikio kali kuliko wote katika biashara ya santuri Marekani, na kwamba alivutiwa na vijana weusi wanaopiga roki ni jambo la kumhesabia. Alichokiona ni hiki: bendi ambayo tayari haina rafu dukani inaongeza jina ambalo hakuna mtangazaji wa redio atakayelitamka asubuhi. Kwa hesabu ya biashara, sharti lake lilikuwa dogo, na wasanii wengi wamekubali makubwa zaidi ya hilo. Bobby na Dannis wamekiri kwamba wao wangekubali. Walimfuata kaka yao kwa sababu walilelewa hivyo, kwamba ndugu akisimama mahali, unasimama naye kwanza, maswali baadaye. David aliona kwamba akitoa jina atakuwa ametoa kila kitu, maana leo wataomba jina, kesho wataomba nembo, keshokutwa watachagua nyimbo. Fedha zikakoma na nyimbo tano zilizosalia hazikurekodiwa.

Mwaka uliofuata waliamua kujitegemea. Walianzisha lebo yao, wakaiita Tryangle, wakachapisha santuri ndogo 500 zenye “Politicians in My Eyes” upande mmoja na “Keep on Knocking” upande wa pili, wakazipeleka katika vituo vya redio na kwa yeyote aliyekubali kuzipokea. Hazikwenda popote. Mwaka huohuo, 1976, Don Davis yuleyule alitayarisha wimbo wa Johnnie Taylor uitwao “Disco Lady”, ambao ulikuwa santuri ya kwanza ya wimbo mmoja kutunukiwa platinamu, yaani tuzo ya mauzo makubwa sana, nchini Marekani. Ukiziweka santuri hizo mbili pamoja, unaona upepo ulikuwa ukivuma upande gani, na unaona pia kwamba jina peke yake halitoshi kueleza kushindwa kwa Death. Hata kama wangejiita jina tamu la maua, bado wangeingia sokoni na magitaa makali katika mwaka wa disko, wakiwa na sura ambazo vituo vya roki havikuzizoea. Hilo husahaulika mara nyingi katika kisa hiki: tunapiga hesabu ya walichopoteza kana kwamba sharti lile likikubaliwa mafanikio yalikuwa yamehakikishwa.

Bendi ilivunjika mwaka 1977. Ndugu wote watatu walihamia Burlington, mji mdogo katika jimbo la Vermont karibu na mpaka wa Kanada, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakatoa albamu mbili za roki ya injili kwa jina la The 4th Movement. Mwaka 1982 David akarudi Detroit. Bobby na Dannis walibaki, wakaoa, wakalea watoto, wakaanzisha bendi ya rege iitwayo Lambsbread iliyopendwa katika eneo lile. Kuhusu Death hawakuwaambia watoto wao jambo la maana, na si vigumu kuelewa sababu, kwani hakuna mzazi anayependa kuwasimulia wanawe kila mwaka habari za mlango uliofungwa usoni pake.

Kabla ya kufariki mwaka 2000 kwa saratani ya mapafu, David alimkabidhi Bobby kanda halisi za studio na kumwambia azitunze, kwa kuwa siku moja ulimwengu utakuja kuzitafuta. Bobby aliziweka darini. Kwa kukiri kwake mwenyewe, hakuwa akiamini.

Ulimwengu ulikuja kupitia mlango ambao David asingeweza kuufikiria. Zile santuri 500 zilikuwa zimetawanyika, na chache zilifika mikononi mwa wakusanyaji wa santuri adimu, watu ambao huthamini kitu kadiri kinavyokosekana. Kufikia mwaka 2008 nyimbo zake zilikuwa zinazunguka katika intaneti na katika karamu za vijana wapenda panki. Julian, mmoja wa wana wa Bobby, alikuwa California aliposikia wimbo ukipigwa, akaitambua sauti ya baba yake. Alipopiga simu nyumbani kuuliza, ndipo historia ikafunguliwa. Yeye na ndugu zake, Bobby mdogo na Urian, wakaunda bendi ya kupiga nyimbo hizo na kuiita Rough Francis, jina walilolichukua kutoka kwa baba yao mkubwa David mwenyewe. Mapema mwaka 2009 lebo ya Drag City ya Chicago ikatoa nyimbo zote saba katika albamu isiyofikia nusu saa, gazeti la New York Times likaandika habari yao kwa urefu, na mwaka 2012 ikafuata filamu ya kumbukumbu iitwayo “A Band Called Death”. Mazoezi ya zamani yaliyorekodiwa yalitolewa mwaka 2011, na albamu mpya, “N.E.W.”, ikatoka mwaka 2015.

Hapa ndipo swali la athari linapohitaji uangalifu. Katika shangwe za mwaka 2009 ilisemwa, na bado inasemwa, kwamba Death waliianzisha panki. Kauli hiyo haisimami. Kutangulia ni jambo moja na kusababisha ni jingine. Ramones hawakuwasikia, Sex Pistols hawakuwasikia, wala hakuna ushahidi kwamba bendi yoyote kubwa ya miaka hiyo ilijifunza kitu kutoka kwa santuri iliyochapishwa nakala 500 na kukataliwa na redio za jiji lake. Ukitaka bendi ya weusi iliyougeuza mkondo wa panki kwa mikono yake, utaje Bad Brains wa Washington, waliokuja miaka michache baada ya Death, kwa sababu hao walionekana jukwaani, na vijana waliowatazama wakaenda kuunda bendi zao wakiwa na kasi ile masikioni. Bad Brains nao walichanganya panki na rege, kama vile Bobby na Dannis walivyoiacha moja na kushika nyingine, na hakuna upande uliomwiga mwenzake.

Basi athari ya Death iko wapi? Kwa maoni yangu iko katika namna historia yenyewe inavyosimuliwa tangu mwaka 2009, na hilo si jambo dogo. Kabla ya hapo, msimulizi wa panki angeweza kueleza kuzaliwa kwake bila kumtaja mtu mweusi isipokuwa kama chanzo cha mbali, yaani mabluzi na roki ya miaka ya 1950, na Bad Brains wakaingizwa baadaye kama ajabu iliyojitokeza peke yake. Nyimbo saba za Detroit ziliharibu mpangilio huo. Zilionyesha kwamba hali zilezile, jiji linalofilisika, vita visivyo na maana, roki iliyonenepa na kuvimbiwa, zilizaa sauti ileile katika nyumba ya familia nyeusi bila kusubiri ruhusa wala mfano kutoka New York. Ikiwa sauti hiyo ilizuka mahali ambapo hapakuwa na klabu wala gazeti la kuitangaza, basi panki haikuwa uvumbuzi wa mtaa mmoja, na mtafiti analazimika kuuliza ni kanda ngapi nyingine zilizobaki darini kwa sababu waliozirekodi hawakufanana na picha iliyotarajiwa. Vijana weusi wanaopiga panki leo Marekani, ambao kwa miaka walikuwa wakiulizwa wanatafuta nini katika muziki wa Wazungu, wamepata jibu lenye tarehe, yaani 1975.

Kuhusu swali la kwanza, nimelipima mara nyingi na sijaridhika na jibu la haraka la upande wowote. Wanaosema David alikuwa sahihi hutazama mwisho wa hadithi, wakasahau miaka 25 ya mtu aliyejua ana nini mkononi na hakusikilizwa, na ambaye wadogo zake wamesema wazi kwamba pombe ilimwelemea. Gharama hiyo ililipwa na yeye, sisi tunaosifu hatukuchangia hata senti. Lakini kuna jambo la kiutendaji ambalo wanaomlaumu hawalitaji. Kwa kuwa mkataba haukufungwa, kanda zilibaki mikononi mwa familia. Bendi nyingi za miaka ile zilizosaini na zisiuze ziliishia katika maghala ya makampuni, ambapo kanda huoza, hufutwa, au hukaa chini ya haki za mtu asiyekumbuka kwamba anazo. Albamu ya mwaka 2009 iliwezekana kwa sababu Bobby alihitaji tu kupanda darini kwake. Na kama jina lingebadilishwa, wale wakusanyaji waliovutiwa na santuri ya mwaka 1976 yenye neno Death juu ya pembetatu ya ajabu wangekutana na santuri moja zaidi yenye jina la kawaida, na sina hakika wangeisikiliza mara mbili.

Jina ambalo lilisimamisha kazi studioni lilichapishwa katika jalada la mwaka 2009 bila kuguswa hata herufi. Septemba ya mwaka huo Death walirudi jukwaani kwa maonyesho matatu, Bobby kwenye besi na Dannis kwenye ngoma, na mahali pa gitaa akasimama Bobbie Duncan, mwenzao wa Lambsbread.